Dalali Hafi kwa Programu ya Simu

Swali ni lile lile, na limenichosha. Haupiti mkutano wa kilimo na utalii hapa Unguja bila kijana mmoja, mara nyingi msomi na mwenye nia njema kabisa, kusimama na kuuliza: "Mtaalamu, kwa nini tusitengeneze programu ya simu? Mkulima anapiga picha mboga zake, hoteli inaziona, inanunua, dalali anatoka katikati." Ukumbi unapiga makofi. Mgeni rasmi anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi napewa dakika mbili za kujibu, na jibu la dakika mbili ni "haitafanya kazi", basi watu wanatoka wakinong'ona kwamba mtaalamu kanunuliwa na madalali wa soko la Mwanakwerekwe. Leo nina nafasi zaidi ya dakika mbili.

Kinachowasha hamu hiyo nakielewa. Watalii waliofika Zanzibar mwaka 2024 walipindukia 700,000, katika visiwa ambavyo sensa ya 2022 iliwahesabu wakaazi wasiofika milioni 1.9. Wote hao wanakula, na asubuhi ndiyo wanakula zaidi. Ukienda bandarini Malindi utaona mbatata, karoti, vitunguu na kabichi za bara zikishushwa gunia kwa gunia. Ukapanda gari kwenda Bumbwisudi unamkuta mkulima anawamwagia ng'ombe tungule kwa sababu bei sokoni imeanguka. Anayeyaona hayo mawili kwa siku moja lazima ajiambie: hawa hawajakutana. Wakutanishwe basi.

Hawajakutana? Kisiwa chenyewe hakifiki kilomita 90 kutoka ncha hadi ncha. Majiko ya hoteli za Nungwi na Paje yamejaa watoto wa wakulima hao hao. Ofisa manunuzi yeyote anazo namba za wakulima kwenye simu yake, na mkulima wa Dole anajua hoteli zilipo kwa sababu ndiko anakofanya kazi mpwawe. Kama shida ingekuwa kujuana, simu ya tochi ingeshaimaliza zamani, tangu enzi za vocha za kukwangua.

Twende mlango wa nyuma wa hoteli, maana wengi wanaolizungumzia soko hili hawajawahi kuingilia huko. Saa moja asubuhi. Gari ya mboga imeegeshwa, matenga ya tungule yamepangwa chini. Mpokeaji wa stoo, msichana mwenye koti jeupe na kalamu sikioni, hatazami safu ya juu. Safu ya juu huwa nzuri siku zote. Anatia mkono mpaka chini ya tenga, anatoa tungule tatu, anaziminya, anazigeuza kitako kuona kama pameanza kuoza, anatafuta vitundu vya mdudu kantangaze. Anapima. Kisha anaandika: zilizoletwa kilo 80, zilizopokelewa 62. Mwenye mali anatia saini. Hakuna aliyepandisha sauti. Kilo 18 zinarudi garini.

Sasa niulize mimi. Hizo kilo 18 zinakwenda wapi? Kama mwenye mali ni dalali, kabla ya saa nne ziko Mwanakwerekwe, zimegawanywa mafungu; nzima zinauzwa kwa bei ya mtaani, zilizopasuka anachukua muuza chipsi wa kutengenezea sosi. Dalali alishalijua hilo tangu anapakia. Kama mwenye mali ni mkulima aliyekodi gari kutoka Cheju kwa sababu programu imemletea "mnunuzi", kilo 18 ni hasara yake, na nauli juu yake. Atavumilia mara moja, labda mara mbili. Mara ya tatu anampigia dalali.

Huo ni mzigo wa kwanza ambao dalali anaubeba na programu haiubebi: kukataliwa. Picha ya simu inaonyesha safu ya juu ya tenga. Hakuna kamera inayotia mkono chini.

Mzigo wa pili ni kusubiri. Hoteli hailipi papo kwa papo. Inapokea mali, inapokea invoisi, inaipeleka uhasibuni, na uhasibu unalipa baada ya siku 30, au 45, au 60, kutegemea hoteli na msimu. Tuseme mkulima wetu amefanikiwa kabisa, anapeleka kilo 200 kwa wiki kwa shilingi 1,500 kwa kilo. Hiyo ni 300,000 kwa wiki. Akilipwa baada ya siku 45, wakati wowote ule karibu shilingi milioni 1.9 za jasho lake zimelala kwenye faili la mhasibu. Na yeye bado anatakiwa anunue mbegu, dawa, mafuta ya pampu, na ampe kibarua ujira wake leo jioni. Dalali anamlipa shambani, noti mkononi au pesa ya simu kabla gari haijawashwa. Bei yake ni ndogo, ndiyo. Ila ndani ya ile tofauti ya bei mna mkopo wa siku 45 ambao hakuna benki iliyokuwa tayari kumpa mwenye robo eka.

Wa tatu ndio mkubwa, na ndio usiotajwa kabisa kwenye mikutano yetu: mfululizo. Chukua hoteli ya vyumba 100 yenye wageni 180, kila mmoja ale gramu 150 za tungule kwa siku, kwenye saladi, kwenye sosi, kando ya yai. Hizo ni kilo 27 kwa siku, karibu 190 kwa wiki, kila wiki ya msimu, Ijumaa na sikukuu zikiwemo. Sasa tazama shamba. Mche wa tungule ukishahamishwa unachukua miezi miwili na nusu hivi kabla ya kuchumwa mara ya kwanza. Wiki ya kwanza unachuma kidogo. Wiki ya tatu zinafurika mpaka hujui uzipeleke wapi. Wiki ya saba umebakiwa na vijitungule vya kufanyia achari. Mkulima mmoja, hata awe hodari namna gani, anatoa mlima, na hoteli inataka uwanda. Shefu akikosa tungule Jumamosi moja hamwambii mgeni kwamba shamba la Mzee Fulani limemaliza. Anarudi kwa msambazaji wa mjini anayechanganya mali ya Unguja, ya Lushoto na ya Iringa bila kumuuliza mtu, na harudi tena kwako.

Nayasema haya bila kumpenda dalali. Anaficha bei, anachezea mizani, anakuja akiwa na haraka siku mvua inapotaka kunyesha kwa sababu anajua huna pa kuweka mali. Lakini ukitaka kumwondoa mtu anayefanya kazi nne, lazima useme nani atazifanya. Programu inafanya moja, ya kupiga soga kuhusu bei, nayo ndiyo rahisi kuliko zote.

Wasomi huniletea hapo mfano wa wavuvi wa Kerala, India. Vizuri, niuzungumze, kwa kuwa ni utafiti wa kweli na mzuri. Mwanauchumi Robert Jensen aliufuatilia uvuvi wa dagaa-papa wakati simu za mkononi zilipoingia kwenye pwani ile kati ya 1997 na 2001, na matokeo aliyoyachapisha 2007 yalikuwa ya kufurahisha: samaki waliokuwa wakitupwa, asilimia 5 hadi 8 ya mavuvi, wakaacha kutupwa, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 hivi, bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Simu tupu, bila programu yoyote. Lakini soma kilichokuwa kikiuzwa pale. Samaki wa aina moja, wa leo, kwa fedha taslimu, ufukweni, kwa mnunuzi yeyote aliyesimama pale, na muuzaji ana chombo chenye injini kinachoweza kugeuza shingo kuelekea bandari nyingine. Hakuna daraja la ubora, hakuna invoisi, hakuna oda ya Jumamosi ijayo. Pale kilichokosekana kilikuwa habari kweli, na simu ikaileta.

Ukibaki India hiyo hiyo lakini ukaenda kwa wakulima, hadithi inageuka. Marcel Fafchamps na Bart Minten walifanya jaribio katika vijiji 100 vya Maharashtra, wakulima wakapelekewa bei za masoko na habari za hali ya hewa kwa ujumbe mfupi. Miongoni mwa mazao yao yalikuwemo tungule na vitunguu. Matokeo, yaliyochapishwa 2012: kwa wastani, bei waliyopata wakulima waliopelekewa ujumbe haikutofautiana kwa maana yoyote na ya wasiopelekewa. Walijua bei. Hawakuwa na la kufanya nayo.

Na karibu na nyumbani zaidi, Kirinyaga, Kenya. Huu ndio mfano ninaoutaka kila mfadhili ausome kabla hajafungua mkoba. Mradi uliitwa DrumNet. Haukuwa wa mzaha: uliwaunganisha wakulima wadogo, katika vikundi, na kampuni ya kusafirisha maharage machanga na mahindi machanga Ulaya, ukawapa pembejeo kwa mkopo, ukashughulikia usafiri na malipo. Yaani ulibeba mizigo ile ile niliyoitaja. Watafiti Nava Ashraf, Xavier Giné na Dean Karlan waliupima, wakakuta walioanza kulima mazao hayo kwa mara ya kwanza wameongeza kipato kwa karibu theluthi moja. Hapo ndipo wengi wetu tungeandika ripoti, tukapiga picha ya pamoja na kwenda zetu. Mwaka mmoja baada ya utafiti kwisha, kampuni ilikataa kuendelea kununua. Wakulima hawakuwa na cheti cha viwango vilivyodaiwa na masoko ya Ulaya: kumbukumbu za dawa, stoo, usafi. Wakarudi kwa madalali, mazao mengine yakabaki bila mnunuzi, mikopo haikulipwa, mradi ukafa.

Kilichouua mradi wa Kirinyaga hakikuwa uhaba wa teknolojia wala mnunuzi mbaya. Ni daftari la dawa ambalo halikuandikwa. Hoteli zetu kubwa, hasa zilizo chini ya majina ya kimataifa, zinaelekea huko huko: ofisa wa usalama wa chakula anataka kujua tungule hizi zilipigwa dawa gani, lini, na zilichumwa siku ngapi baadaye. Wakulima wangapi wa Unguja wanaweza kujibu swali hilo kwa maandishi? Daftari la kaunta mbili halina bei ya kumshinda mtu, kijana wa kulijaza hapa kijijini yupo, na bado nikilitaja kwenye mkutano macho ya watu yanafifia, yanarudi kung'aa nikitaja programu.

Kuna hoja moja iliyobaki, ya wale wanaosema, "Mbona Twiga Foods Nairobi wameweza?" Twiga, kampuni ya kusambaza mazao, ilianza 2014, ikianza na ndizi. Ilichofanya haraka sana ni kununua malori, kukodi maghala na kujenga vyumba vya kuivishia. Oda ya kwenye simu ilikuwa kibandiko cha nje tu. Yaani ilijigeuza dalali mkubwa mwenye mtaji wa mamilioni ya dola. Na pamoja na mtaji huo, 2023 ikapunguza wafanyakazi kwa mamia. Ukitaka kuiga mfano wa Twiga, iga na gharama ya malori. Usiniletee kibandiko.

Basi teknolojia haina kazi? Ina kazi nyingi, ila inapoingia baada ya kujua mzigo upi inaubeba. Nitayataja yanayowezekana haraka haraka, kwani nafasi imeliwa na hiyo programu yenu.

Anzieni jikoni. Kikundi kiombe hoteli moja, moja tu, orodha ya manunuzi yake ya mboga kwa mwaka mzima uliopita, wiki kwa wiki. Hoteli nyingi zinayo kwenye kompyuta na hazijali kuitoa kwa mtu aliyekuja kistaarabu. Orodha hiyo ina thamani kuliko semina tano.

Kutokana nayo chagueni zao. Hapa watu wanakosea sana: wanataka kupambana na mbatata na vitunguu kwa sababu ndivyo wanavyoviona vingi bandarini. Viacheni. Kitunguu kinakaa miezi, kinapanda lori Mang'ola, kinavuka bahari na kinafika hakijanuna; kwa hali yetu ya hewa na ardhi yetu hamtamshinda mkulima wa bara. Chukueni kisichoweza safari: majani ya saladi, rehani, nanaa, kotmiri, mchicha mchanga, mchaichai, pasheni iliyoiva kwenye mti, mayai ya jana. Kwenye bidhaa hizo bahari ni ukuta wenu. Saladi itakusumbueni joto la Januari na Februari, itataka kivuli na maji ya matone. Tungule zitakusumbueni kwa kantangaze mwaka mzima. Pilipili kali hazina matata mengi kiasi hicho. Na mtambue jambo la ardhi: hoteli zimejaa mashariki na kaskazini, kwenye maweni, na udongo mzito uko magharibi na katikati. Gari itahitajika. Iwekeni kwenye hesabu tangu mwanzo, msijifanye hamkuiona.

Kisha ratiba ya kupanda, ambayo ndiyo roho ya shughuli nzima. Wanachama wanane hawapandi siku moja. Wawili wanapanda leo, wawili baada ya wiki tatu, na kuendelea, ili milima ya watu wanane ipangane iwe uwanda mmoja. Jedwali la kompyuta linatosha, na kundi la WhatsApp la kukumbushana. Hii ndiyo programu mnayoihitaji, na haina gharama. Ugumu wake uko kwa mwanachama wa tano anayeambiwa asubiri wiki sita wakati mvua ya vuli imeshaanza na jirani yake anapanda. Hakuna mtandao unaomzuia. Anazuiwa na katiba ya kikundi na mwenyekiti asiyemwogopa shemeji yake.

Chambueni shambani kabla hoteli haijawachambulia. Kreti za plastiki badala ya matenga, mizani ya kidijitali mbele ya wote, daraja la kwanza hotelini, la pili Mwanakwerekwe siku hiyo hiyo, na daftari la dawa (sitachoka kulitaja). Pateni usajili na uwezo wa kutoa risiti ya kielektroniki, maana mhasibu wa hoteli bila risiti hawezi kukulipeni hata akikupendeni.

Chumba cha baridi. Tafadhali, acheni vibanda vya mkaa uliolowanishwa. Kila mwaka kuna mradi unaokuja navyo kutoka Dodoma au kwengineko kukavu, vinapigwa picha, vinaachwa. Vinapoza kwa maji kukauka, na hapa maji hayakauki. Dodoma, nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 35, kibanda kizuri kinaweza kukaribia nyuzi 19. Unguja, nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, mwisho wake ni 27. Nyuzi tatu kwa kazi yote hiyo ya kumwagia! Tumieni chumba kidogo kilichozibwa vizuri kwa sponji ngumu, kiyoyozi cha kawaida cha ukutani, na kidhibiti cha kukilazimisha kishuke kuliko kilivyotengenezewa. Paneli za jua zikiwezekana. Majani na tungule msiviweke nyuzi moja: majani mengi, isipokuwa rehani, yanataka baridi ya karibu na sifuri, tungule zikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 hupoteza ladha na kuharibika ngozi. Chumba kimoja? Kiwe cha majani. Tungule zitavumilia kivulini siku mbili.

Fedha ya kungojea: SACCOS inaweza kumlipa mkulima sehemu kubwa siku ya mali, ikajirudishia invoisi inapolipwa, mradi hoteli ikubali kulipa kwenye akaunti ya SACCOS. Ombeni hilo kwenye mkataba. Hoteli hupunguza siku za malipo ukiipunguzia bei kidogo. Piga hesabu kwanza ndipo ukubali. Stakabadhi ghalani waachieni wa korosho, tungule haingoji mnada.

Na dalali? Mwajirini. Sisemi kwa utani. Yeye ndiye anayemjua mpokeaji wa stoo, anayejua mahali pa kumalizia kilo 18, mwenye gari na mwenye kuamka saa tisa usiku. Mpeni kamisheni kwa kilo, mizani iwe yenu, bei iandikwe ukutani. Wapo watakaokataa. Wapo watakaokubali kwa furaha, kwani nao wamechoka kukimbizana na wakulima wanaouza kwa mwingine dakika ya mwisho.

Yapo pia mambo ya kumleta mgeni shambani badala ya kupeleka shamba hotelini, nayo nitayapitia mbio. Mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi yanajulikana. Mgeni anaonja hiliki, anabanjua kungumanga, anapigwa picha na kofia ya makuti, anaondoka na vipakti. Mara nyingi anayempanga ni mtembezaji, na mwenye shamba hupokea anachopewa. Hapa simu ina faida ya moja kwa moja: shamba lililowekwa kwenye ramani ya mtandaoni kwa jina lake, lenye picha zake na maoni ya wageni wake, linaweza kupigiwa na mgeni mwenyewe. Gharama yake ni mchana mmoja wa kijana wa skuli. Lakini mgeni kutoka Italia au Poland hana pesa ya simu ya hapa. Bila mashine ya kadi mtabaki kuchukua chenji za dola zilizokunjwa. Na mtengeneze choo kabla ya tovuti.

Kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani, ambako kilimo hicho kilianza kibiashara 1989, wanafundisha jambo moja la ziada. Mwani mkavu wa gunia bei yake inapangwa mbali, na aina yenye bei nzuri zaidi imekuwa ikifa kadiri maji yanavyopata joto. Waliosaga mwani, wakatengeneza sabuni, na wakamwalika mgeni aingie nao majini kuona, wanauza kidogo kwa uzito na zaidi kwa bei. Sabuni haiozi, haina haja ya chumba cha baridi, na inaingia kwenye begi la ndege. Kwa kikundi kisicho na mtaji ningeanzia huko kabla ya saladi.

La mwisho ni Aprili na Mei, kwa kuwa ndiko vikundi vinakovunjikia. Masika yakija hoteli nyingi hufunga au hubaki na wageni wa kuhesabika, na kikundi kilichozoea kilo 190 kinapigiwa simu ya kuambiwa "tutawasiliana Juni". Zamani wengine walikuwa wakijifariji kwa Ramadhani, muhogo, magimbi na ndizi zinapopanda bei. Ramadhani inarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka; kwa miaka hii inaangukia Februari, ikielekea Januari, yaani katikati ya msimu wa watalii wenyewe. Itawapa mnunuzi wa pili wakati mnaye wa kwanza, na haitawasaidia Aprili. Kwa hiyo miche ya mwisho ya tungule za hoteli ihamishwe shambani si baada ya mwisho wa Novemba, mavuno yaishe Machi. Muhogo wa kuvunwa kipindi cha masika upandwe masika ya mwaka uliotangulia, kwenye ardhi isiyotuama maji, na nani anautunza aandikwe kwenye ratiba ile ile ya tungule, jina na tarehe.